Mkono Uliobaki kwenye Gitaa la Richard

Niliuinua mkono wangu wa kushoto kutoka kwenye gitaa, na mkono ukabaki pale pale.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, nanyi mkanitumia ujumbe wa kila namna. Mmoja kaniita bwege. Mwingine kasema niache kutunga. Laiti ningekuwa natunga, ndugu yangu, ningejitungia mwisho mwema.

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilimfikia limefungia maandazi: mimi ni Hilari, muuguzi wa zahanati hapa Mbuchi, mtu wa Mbinga kwenye baridi na kahawa. Nampenda Consolatha wa Kibiti. Baba yake, katekista Joachim, alishanikatalia posa mara mbili. Ya kwanza nilifika nimechelewa, suruali tope mpaka magotini, kwa sababu boti ilipwelewa tukashuka kuivuta. Ya pili nilijaribu kueleza ile ya kwanza.

Kaka yake Consolatha, mwalimu Richard, alikuwa rafiki yangu. Alifundisha shule ya hapa. Aliagiza gitaa jipya kwa fundi wa Dar, akawa halali usiku kwa kulisubiri, kisha pikipiki ikamwangusha barabara ya Kibiti kabla halijakamilika. Gitaa likaja, mwenyewe yuko kaburini.

Mzee Joachim akaamua kwamba kwenye misa ya kumkumbuka, hapa hapa Mbuchi, padri aanze kwa kulibariki gitaa, ndipo lipigwe. Kabla ya hapo lisifunguliwe. Kwa mzee yule, chombo cha ibada kikitoa sauti kabla ya kunyunyiziwa maji ya baraka, kimeshaingia nuksi.

Akanipa mimi nitangulie nalo.

"Hilari, hiki ni cha Richard," aliniambia. "Nikikikuta salama, tutazungumza habari za Consolatha. Nisipokikuta salama, usinipigie hodi tena."

Yaliyofuata mnayajua. Njiani maji yalirukia kasha. Nilipofika nikalifungua nione kama gitaa limelowa. Halikulowa. Hapo ningelifunga, leo ningekuwa mume wa mtu.

Lakini Consolatha akapiga simu. "Umelifungua? Hilari, nisikilizishe uzi mmoja tu. Mmoja." Nikalilaza mapajani, nikagusa uzi kwa dole gumba, Consolatha akaanza kulia, nami nikambembeleza kwenye simu. Muda wote ule mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala juu ya ubao wa gitaa. Na mkono ule, jioni ile, nilikuwa nimeupaka mafuta ya kufukuza mbu.

Msinicheke. Nyinyi mmezaliwa na mbu wa huku, mnafahamiana nao. Mimi kwetu mbu tulikuwa tunamsoma darasani. Nilipoletwa huku delta, kwenye mikoko, nilianza kujipaka mafuta yale kama mtu anayepaka blubendi kwenye mkate wa mgeni, na sikuwahi kujua kwamba yanakula vanishi.

Yanakula. Yaliilainisha vanishi mpya ya Richard ikawa kama jamu, na ngozi yangu ikazama humo. Nilipoinua mkono ulitoa sauti ya kubanduka. Chini yake nikaona kiganja kizima, mistari yote, vidole vyote.

Na kidole cha mwisho kifupi.

Hilo sikuwaambia wiki iliyopita, niliona aibu. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto hakina pingili ya juu. Mashine ya kumenyea kahawa iliila nikiwa mdogo. Mbuchi nzima inakijua kidole hicho. Watoto wa kliniki hukishika chenyewe wakati wa sindano, wanasema kinalingana na vya kwao.

Kwa hiyo sikuwa nimeweka alama tu kwenye gitaa la marehemu. Nilikuwa nimetia saini.

Jamani, niliogopa. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

Sasa akili ya muuguzi ni moja: kitu kikichafuka, kipitishie spiriti. Nikachukua pamba, nikailowesha, nikasugua kidogo pale chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono. Pamba ikanasa. Nikaivuta, ikakatika. Nyuzi za pamba zikabaki zimegandamana kwenye vanishi, nyeupe, pande zote za kifundo. Kila nilipojaribu kutoa mmoja, zilizama mbili.

Nikaweka pamba chini. Nikafunga kasha taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye nyoka.

*

Asubuhi nikaenda kwa fundi Kibwana, anayeunda mitumbwi na vitanda pale kijijini.

"Fundi, meza yangu imeshika alama. Niliiwekea mkono, vanishi ikalainika."

"Meza umeipata lini?"

"Hivi karibuni."

"Mbona sijaona meza ikishuka kwenye boti?"

Nikatazama pembeni. Kibwana akaendelea kupiga randa yake.

"Haya, dokta, mie sikuchimbi. Meza hiyo iache ikauke. Ikishakauka ipige msasa laini, kisha uirudie vanishi upya. Ila ukiichokonoachokonoa sasa hivi, utaimaliza."

"Itakauka lini?"

"Jua likiwaka, wiki nzima. Mvua ikishuka, muulize Mungu."

Kabla sijamjibu, nikasikia injini ya boti nyuma ya mikoko. Kibwana akainua kichwa.

"Mfaume huyo. Si ndiye anawaleta wakwe zako?"

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile hata kwa mgonjwa, Mungu anisamehe. Nikaingia zahanati, nikachukua bendeji, nikaufunga mkono wangu wa kushoto kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo. Nikaufunga vizuri, kitaalamu. Nilipomaliza, mkono ulikuwa kama muhogo uliovalishwa soksi.

Nikashuka kwenda kuwapokea.

Mfaume, nahodha aliyenileta mimi na gitaa, alikuwa anawashikia ubao washuke. Mzee Joachim alitangulia, kola imefungwa mpaka juu, viatu vikavu kabisa kana kwamba maji yanamwogopa. Nyuma yake mama Petronila. Nyuma yake Consolatha, na moyo wangu ukafanya ule upuuzi wake wa siku zote.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu mzee. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Mama Petronila alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya Kibiti. Tangu wamzike Richard, sauti ilikauka. Haimbi, haulizi, hakatai. Chakula anakisogezasogeza kwenye sahani mpaka wenzake wanamaliza. Consolatha huniambia kila siku kwamba nyumbani wamebaki wawili, yeye na baba yake, na mama ni kivuli kinachopita.

"Mkono umefanyaje?" akauliza mzee.

"Nimeungua na maji ya chai, baba."

"Gitaa liko wapi?"

"Lipo, baba."

"Sikukuuliza kama lipo. Nimeuliza liko wapi."

"Nyumbani kwangu, baba. Juu ya meza."

"Tulipeleke shuleni. Padri anakuja maji yakijaa mchana. Nataka alikute juu ya altare."

Consolatha alinitazama mkono, akanitazama uso, akanitazama mkono tena. Sikumpa nafasi ya kuuliza. Nilitangulia mbele kuonyesha njia kwenye kijiji chenye njia moja.

*

Darasa alilofundisha Richard lilikuwa limefagiliwa. Madawati yamesogezwa ukutani, meza imetandikwa kitambaa cheupe, picha yake imeegemezwa ubaoni. Sisi Wakristo wa Mbuchi hatujazi hata benchi mbili, ila siku ile darasa lilijaa. Waislamu ndio waliolijaza. Mwalimu Richard aliwafundishia watoto kusoma, wakasema dini ni dini na mwalimu ni mwalimu. Bi Sihaba, jirani yangu, alikuwa kashapika wali nje kwenye masufuria makubwa, akaingia na mwiko mkononi ili asikose kuona.

Mfaume ndiye aliyelibeba kasha mpaka mezani. Mimi nilijidai mkono unauma.

Mzee Joachim akafanya ishara ya msalaba. Akafungua kitasa cha kwanza. Akafungua cha pili. Nikaanza kusali, na sala yenyewe ilikuwa moja tu: boti ya padri ifike, au dari lianguke, lolote litakalotangulia.

Kifuniko kikainuka.

Kwanza watu walivuta pumzi kwa uzuri. Ubao wa rangi ya asali, nyuzi zinang'aa. Kisha wale wa mbele wakainama.

"Yallah!" Bi Sihaba akadondosha mwiko. "Mkono!"

Darasa zima likasimama. Mzee Joachim akaushika ukingo wa kasha. Aliinama, akachungulia, akainama zaidi. Shingo yake ilivimba.

"Nani amelishika?"

Watu wakatazamana.

"Nimeuliza. Nani amelishika gitaa la mwanangu?"

Nilifungua mdomo. Naapa mbele yenu wasomaji, nilifungua mdomo na ulimi ukainuka, na neno la kwanza lilikuwa "baba". Lakini kabla halijatoka, mtu mwingine akasema.

"Richard."

Tuligeuka wote. Ilikuwa sauti iliyokwaruza, ya mtu aliyesahau inavyotumika.

Mama Petronila alikuwa amesimama mbele ya meza. Machozi yanamtiririka na meno yako nje. Alikuwa anacheka.

"Richard, mwanangu. Umekuja kulishika."

"Petronila," akasema mzee.

"Utazame mkono wake, Joachim. Utazame! Alikuwa analisubiri. Si alikuwa analisubiri? Angewezaje kwenda bila kulishika?"

"Petronila, marehemu wako mikononi mwa Mungu. Hawatembei wakishikashika vitu."

"Na hii nyeupe?" Akanyoosha kidole kwenye nyuzi zangu za pamba, pale kwenye kifundo. "Tulimzika na shati gani? Niambie. Shati gani?"

Mzee akaitazama picha ya Richard. Nilijua jibu, nilikuwepo. Walimzika na shati jeupe la mikono mirefu.

Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasoma dua chini chini. Mwenzake akarudi nyuma mpaka mlangoni, viatu mkononi, tayari kwa lolote. Nami nilikuwa natetemeka kuliko wote, ingawa mimi peke yangu ndani ya darasa lile nilijua kwamba lile shati la mwalimu ni pamba ya serikali.

Mama akakaa kwenye dawati. Akafuta macho kwa upande wa kitenge.

"Nina njaa," akasema. "Huo wali umeiva?"

*

Consolatha alinikokota nyuma ya darasa, kwenye tangi la maji.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Jana ile, kwenye simu."

"Jana ile, kwenye simu. Ni mafuta ya mbu, Consolatha. Mafuta ya mbu na ujinga, basi. Naingia sasa hivi nikamwambie baba."

"Thubutu!"

"Sasa nifanyeje? Unataka niache watu waamini kwamba Richard katoka kaburini?"

"Hilari, tazama dirishani."

Nikatazama. Mama Petronila alikuwa anakula. Hasogezi wali, anakula. Bi Sihaba kamwongezea kamba wa nazi, na mama anamweleza kitu huku akionyesha kwa mikono jinsi mtu anavyoshika gitaa.

"Mara ya mwisho kumwona mama anaomba chakula ni kabla ya msiba," Consolatha akasema. "Ukiingia na hayo mafuta yako ya mbu, unamzika Richard mara ya pili. Na safari hii unamzika na mama."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza tutafute namna."

"Namna gani?"

"Sijui! Mimi ndiye niliyeweka mkono?"

Akaanza kulia, nami nikataka kumshika bega, nikakumbuka mkono wangu ni bendeji. Hata kumbembeleza mchumba nikawa siwezi. Mikosi ya mtu mmoja, jamani, hata ingegawiwa kijiji kizima ingebaki.

Ndani tukasikia mzee anapaza sauti.

"Wewe nahodha! Njoo hapa."

*

Tuliporudi, Mfaume alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Mzee Joachim alikuwa ameshika kifuniko cha kasha.

"Wewe ndiye uliyelibeba kutoka kwangu. Wewe ndiye uliyelipakia kwenye boti."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mkono huu ni wa nani?"

"Mzee, mie nilibeba kasha, sikubeba kilichomo. Wallahi sijalifungua. Tena ningelifungulia wapi, maji yale yalivyotupiga? Muulize dokta, alikuwa kalikumbatia kama mwana."

Watu wakanigeukia. Niliitikia kwa kichwa.

"Weka mkono wako hapa," mzee akamwambia. "Usiguse. Juu juu."

"Baba," nikasema, "Mfaume hana..."

"Sijakuuliza wewe."

Mfaume akacheka kwa hasira. "Ah! Naweka, mzee. Mkono wangu mwenyewe, sijauazima."

Akaushusha juu ya ile alama. Mkono wa Mfaume, wa kuvuta nanga na kamba tangu utotoni, uliifunika alama yote, na pembeni ukabaki.

"Mzee, hapo patanienea mie? Hebu tazama. Mkono huu ni wa mtu wa kushika kalamu."

Mbuchi yote, washika kalamu tunahesabika.

Bi Sihaba, ambaye hofu ilikuwa imemtoka na udadisi umeingia, akasogea akachungulia tena.

"Na kidole hiki cha mwisho," akasema, "mbona kifupi?"

Nikaushika ukuta.

"Alikuwa anakikunja," mama Petronila akajibu haraka, mdomo una wali. "Richard akipiga gitaa alikuwa anakikunja kidole cha mwisho. Tangu mdogo. Baba yake alimchapa kwa ajili ya hicho kidole, hakuacha."

Mzee Joachim akainamisha kichwa. Nadhani ilikuwa kweli, kuhusu kuchapa.

Lakini Bi Sihaba hakurudi nyuma. Alikuwa ananitazama. Kwanza uso, kisha bendeji. Mwanawe wa mwisho nilimchoma sindano juzi tu, na wakati wa sindano alikuwa ameshika kidole changu kile kile, na mama mtu amemshika mgongo. Bi Sihaba akafungua mdomo. Nikamtazama kwa macho ya kuomba. Akaufunga. Akaokota mwiko wake, lakini hakuondoka.

Mzee akainua kichwa, na ule udhaifu ulikuwa umemtoka.

"Kidole kukunja, sawa. Shati jeupe, sawa. Ila mimi ni katekista, na padri yuko njiani. Siwezi kumwekea altareni kitu ambacho sijui kimeguswa na nani. Marehemu hana jasho, na hapa mimi naona jasho. Kila mwanamume aliyemo humu atapita mbele aweke mkono. Mmoja mmoja. Na yule utakayemwenea, mbele ya picha ya mwanangu atanieleza."

Wakapita. Kibwana fundi akapita, mkono mkubwa. Akaitazama alama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole. Hakika alikuwa ameiona meza yangu. Mwalimu mkuu akapita, mkono mnene. Babu muadhini, aliyemfundisha Richard Kindengereko, lugha ya huku, akapita akicheka, akasema yeye mkono wake umeshajikunja wenyewe.

Kila aliyepita, mimi nilihesabu pumzi zangu. Consolatha alikuwa amenishika shati kwa nyuma, na nilisikia kucha zake.

Hatimaye akabaki mmoja.

"Hilari," akasema mzee.

"Baba, mkono wangu umeungua."

"Una mikono miwili."

"Huo ni wa kushoto, mzee," akasema Mfaume, akijaribu kunisaidia, masikini. "Alama ya mkono wa kushoto. Na dokta kushoto kaungua."

Hapo mzee akainama tena. Akaitazama alama, dole gumba lake lilivyoelekea. Akaitazama bendeji yangu. Nikaona jambo linaanza kuingia machoni mwake, taratibu, kama maji yanavyoingia mtoni.

"Uliungua lini?" akauliza.

"Jana, baba."

"Jana saa ngapi?"

"Mwacheni!"

Mama Petronila alikuwa amenyanyuka. Alikuja akanishika kiwiko, akanivuta mbele ya meza. Mikono yake ilikuwa ya moto na ina harufu ya nazi.

"Huyu hapimwi. Huyu alikuwa rafiki yake. Mwanangu Hilari, unajua nilichokuwa nawaza wakati nakula? Siku ya kukukabidhi Consolatha, kaka mtu ndiye angekushika mkono. Ndiyo desturi yetu. Nikawa nalia, nani atakushika mkono? Kumbe ameuacha hapa. Weka mkono wako kwenye mkono wa Richard, akubariki. Mimi mama yenu nimesema."

"Mama," nikasema. "Mama, nisikilize. Mkono huu..."

"Unauma, najua. Mkono mgonjwa ndio unaotaka baraka."

Akaanza kufungua bendeji.

Nilitaka kuuvuta. Kweli nilitaka. Lakini ungemnyang'anyaje mkono mwanamke aliyekaa kimya tangu msiba, na leo anakuita mwanangu? Zungusho la kwanza likatoka. Zungusho la pili. Nilikuwa mwenyewe nimeifunga kitaalamu, ilikuwa ndefu, ikawa inashuka na kujikusanya sakafuni. Nyuma yangu kucha za Consolatha ziliachia shati.

Bendeji ikaisha.

Mkono wangu ulikuwa mzima. Hauna lengelenge, hauna wekundu, hauna hata mkwaruzo. Una kidole kifupi tu.

Mama Petronila aliutazama. Alikigusa kidole kile kwa ncha ya kidole chake, pale pingili ilipoishia. Kisha akaitazama alama kwenye gitaa. Akautazama mkono tena. Kicheko kilikuwa bado kiko usoni mwake, kimebaki peke yake, macho yameshaondoka.

Alikuwa amesimama kati yangu na mume wake. Kitenge chake kilikuwa kimekinga meza. Hakuna mwingine aliyeona.

"Mama, nisamehe," nikanong'ona.

Alikichukua kiganja changu, akakilaza juu ya gitaa, ndani ya alama. Kiliingia chote. Vanishi ilikuwa bado ina ubichi, ikanipokea. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu, akagandamiza kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo, akainama mpaka mdomo wake ukanifika sikioni.

"Usiutoe," akasema.

Na nyuma yetu nikasikia viatu vya mzee Joachim vinakuja.

"Petronila, sogea. Nami nataka kuona."